Slagi inayochemka haisafishi dhahabu, inaitawanya

SWALI: Nachenjua dhahabu huku Misungwi. Nikiyeyusha kwa boraksi (chumvi ya kuyeyushia) na magadi soda, slagi, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya dhahabu, inafura na kuchemka sana. Fundi wangu anasema ndivyo inavyosafishika, na huongeza shura (chumvi ya nitrati) ichemke zaidi. Lakini nikivunja slagi naona punje za njano ndani. Niongeze boraksi?

JIBU: Usiongeze kitu kwanza. Punje hizo nyingi zilishafika chini, mkazipandisha tena wenyewe.

Gesi ikitokea chini ya chungu, kiputo chake hupenya dhahabu iliyoyeyuka kikielekea juu. Kinapoingia kwenye slagi hakiingii kitupu: kinatoka kimevikwa utando mwembamba wa dhahabu, kama povu la sabuni. Utando ukipasuka hujikunja ukawa matone madogo mno. Kiputo kikubwa huvuta pia mkia wa dhahabu nyuma yake. Mkia ukikatika, matone yanabaki juu.

Sasa yarudije? Kwenye slagi nzito kiasi yenye kina cha sentimita 5, tone la milimita 1 hushuka kwa sekunde chache. La milimita 0.1 huhitaji kama dakika 10. La milimita 0.01 litachukua zaidi ya nusu siku, na hakuna anayewasha jiko muda huo wote. Kwa hiyo punje unazoziona si hasara yote; ipo nyingine usiyoiona.

Gesi yenyewe mnaitia kwa mikono. Boraksi ya kawaida, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Magadi yakikutana na mchanga hutoa kaboni dayoksaidi. Salfaidi (madini yenye salfa) ambazo hazikuchomwa vizuri hutoa gesi ya salfa. Shura ina kazi yake, kuunguza salfa na metali duni, lakini kiasi kidogo. Ukiizidisha inatoa oksijeni kwa fujo, na kwenye chungu cha grafaiti inakula ukuta wenyewe na kuzalisha gesi zaidi. Shura itumie kwenye chungu cha udongo.

Fanya hivi. Kausha mzigo, yaani mchanganyiko unaoyeyusha, mpaka usitoe mvuke kabisa. Kama una salfaidi, uchome kwanza nje, ukiwa upande upepo unakotoka. Boraksi iyeyushe peke yake mpaka iache kufura, imwage, ikipoa itwange. Hiyo ndiyo ya kutumia. Tia mzigo kidogo kidogo, chungu kisipite theluthi mbili. Povu likiisha, panda hadi nyuzi 1,150 au 1,200 za Selsiasi, kisha acha kitulie dakika 20. Usikoroge wala usichokoe. Mwishoni chovya nondo kavu iliyopashwa moto: slagi iteremke laini bila mabonge. Ikiwa na mabonge, hapo ndipo boraksi kidogo inahitajika, pamoja na dakika nyingine za utulivu. Mimina kwenye kalibu ya koni iliyopashwa moto, maana kalibu yenye unyevu hurusha kila kitu usoni.

Kinachoniudhi ni hizi "dawa za kushusha dhahabu" zinazouzwa kwenye vifuko visivyo na jina, kuanzia Misungwi hadi Geita. Muuzaji anaonyesha povu, mteja anaona kazi inafanyika. Unga wa kutoa povu hauna siri: ni chochote chenye gesi. Asiyeweza kukuambia ndani yake mna nini na gramu ngapi kwa kilo ya mzigo, mwache aende. Wengine hushauri slagi isuguliwe na zebaki. Zebaki haifikii tone lililofungwa ndani ya kioo cha slagi. Inayofikiwa ni mapafu yako unapochoma mchanganyiko huo, na samaki wa ziwani maji ya kuoshea yakitiririka.

Slagi mliyonayo isiuzwe kwa ndoo. Anayeinunua anajua anachofanya: anaitwanga, anaichekecha. Slagi ni kioo, inakuwa unga. Dhahabu ni laini, inabondeka na kubaki juu ya chekeche. Kinachopita kioshe kwenye karai, kisha yeyusha tena pamoja na mzigo unaofuata.