Tazama onyesho la gemu kwa moyo wote, lakini M-Pesa isiguswe

Maonyesho ya kampuni za gemu nayapenda kweli, na kila Juni ikifika huwa nahesabu siku. Nasema hivyo mapema ili ushauri huu usichukuliwe kuwa wa mtu aliyechoka na gemu. Ninachowaomba wachezaji wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na kwingineko ni kitu kimoja: usiku wa onyesho usilipie chochote. Shangilia, piga kelele, bishana mpaka usiku wa manane, ila pesa isitoke. Sababu zangu nazitoa kwenye onyesho moja nililolifuatilia kwa karibu, Ubisoft Forward, onyesho la kampuni ya gemu ya Ubisoft, la tarehe 10 Juni 2024, pamoja na yale yaliyozipata gemu zake baadaye.

Lilirushwa kutoka Los Angeles, na kwetu ilikuwa saa nne usiku. Hiyo ni bahati, maana Summer Game Fest ya mwaka huo ilianza saa sita usiku wetu, na zile Game Awards za Desemba hutulazimu kukesha hadi alfajiri. Saa nne, kwenye kibanda cha PS pale Kondele, Kisumu, wachezaji wa FIFA wanakuwa wamemaliza mechi zao na mwenye kibanda hana haraka ya kufunga. Tulichanga bando, simu moja ikatoa hotspot, tukabanana kwenye benchi mbele ya TV.

Kutazama pamoja hakuokoi bando tu. Ukiwa peke yako na simu yako kitandani, kila trela inapendeza. Ukiwa na wenzako, hakosi mmoja wa kuuliza swali ambalo wengine wamelisahau kwa furaha. Usiku ule alikuwa kijana aliyekaa mwisho wa benchi, mkononi bado kashika padi ambayo haikuwa imewashwa. Trela ya Star Wars Outlaws ikiendelea, akasema, "Omera, hapo kuna mtu anacheza ama ni sinema?"

Swali hilo lishike, kwa sababu ndilo la kuuliza kila trela. Nyingi hutengenezwa kama filamu: kamera inazunguka uso wa shujaa, muziki unapanda, mlipuko, jina la gemu. Hakuna aliyeshika padi. Angalia chini ya skrini, kwenye yale maandishi madogo yanayopita haraka, mara nyingi wanakiri wenyewe kwamba hayo si mchezo halisi, au kwamba picha zimechukuliwa kwenye kompyuta na si kwenye konsoli. Halafu tafuta dalili za mchezo wenyewe: mstari wa uhai, ramani ndogo kwenye kona, idadi ya risasi, kamera inayoyumba kidogo kwa sababu kidole cha mtu kiko kwenye kijiti. Hata ukiziona hizo, usimalize maneno. Mwaka 2012 Ubisoft hiyohiyo ilionyesha Watch Dogs kwenye E3, onyesho kubwa la gemu la miaka hiyo: jiji la Chicago usiku, mwanga na upepo vya kushangaza, na mtu akicheza mbele ya umati. Ilipotoka Mei 2014, wachezaji waliweka picha za 2012 na za 2014 sambamba na tofauti ikaonekana wazi. Gemu haikuwa mbaya. Ila haikuwa ile waliyoonyeshwa.

Sasa nije kwa Yasuke, kwa sababu hapo ndipo kibanda kizima kilisimama.

Assassin's Creed Shadows ilionyeshwa kwa dakika nyingi, tena mchezo halisi. Misheni moja, mashujaa wawili. Naoe, msichana shinobi, yaani ninja, anapita gizani, anazima taa, anapanda paa kwa kamba yenye ndoano. Kisha misheni ileile inarudiwa na Yasuke, mtu mweusi mrefu ndani ya vazi la chuma la samurai, anaingia kwa mlango wa mbele akiwa na rungu kubwa. Vijana waliruka. Mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili na hakusema kitu. Mimi nacheza gemu tangu utotoni, na mara ambazo nimeona mtu anayefanana na sisi akiwa katikati ya gemu kubwa namna ile ni chache sana.

Na Yasuke alikuwepo. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, padri Mjesuti kutoka Italia. Mwaka 1581 akapelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mtawala wa kivita aliyekuwa na nguvu kuliko wote wakati huo, ambaye alidhani rangi ya ngozi yake ni ya kupakwa, akaamuru asuguliwe. Rangi haikutoka. Nobunaga akampenda, akampa nyumba na upanga, akamweka karibu naye. Mwaka 1582 Nobunaga alipogeukwa na jemadari wake na kufa katika hekalu la Honnō-ji, Yasuke alikuwepo, akapigana, akakamatwa, na baada ya hapo maandiko yananyamaza. Baadhi ya wanahistoria huelekeza asili yake Msumbiji, yaani mwambao uleule wa Bahari ya Hindi tunaoushiriki. Miezi iliyofuata kulikuwa na kelele nyingi mtandaoni za watu waliochukia kumwona kwenye gemu ile. Ushauri wangu kwa vijana ulikuwa, na bado ni, wasizijibu. Wakamsome. Kuna kijana wa kidato cha tatu aliyekuja siku chache baadaye akinieleza habari za Honnō-ji kuliko nilivyozijua mimi, na hilo lilinifurahisha kuliko trela yenyewe.

Hayo yote tuliyapata kwa bei ya bando. Furaha ya usiku wa onyesho ni halali na ni yako, huhitaji kulipia gemu ili uistahili. Na hapa ndipo kampuni zinapotukamata, maana kitufe cha kuagiza mapema huwekwa papo hapo, moyo ukiwa bado moto, na kuna vazi la ziada au misheni ya ziada kwa atakayewahi.

Wale waliowahi kulipia Shadows waliambiwa itatoka tarehe 15 Novemba 2024. Septemba kampuni ikasogeza hadi 14 Februari 2025, ikatangaza kuwa waliolipia watarudishiwa pesa. Baadaye ikasogezwa tena, ikatoka 20 Machi 2025. Kwa mtu wa Ulaya kurudishiwa pesa ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Duka linahesabu kwa dola, wewe unalipa kwa shilingi kupitia kadi ya mtandaoni, na kila ubadilishaji unakatwa kitu. Isitoshe, dola yenyewe haitulii. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hiyo gemu ya dola 70 ilikuwa zaidi ya 11,000. Katikati ya mwaka uleule ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na gemu ileile ikawa kama 9,000. Elfu tisa ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima, na chenji ikabaki, kwa vijana wengi wa Manyatta na Nyalenda. Pesa ya namna hiyo haipaswi kukaa miezi kwenye mfuko wa kampuni ikingoja gemu ambayo haijakamilika.

Anayengoja pia hupata gemu bora. Star Wars Outlaws ilitoka tarehe 30 Agosti 2024, na walionunua siku ya kwanza walilalamikia misheni za kunyatia: askari akikuona tu, umeshindwa, rudia. Novemba lilikuja sasisho lililoondoa adhabu hiyo, ukionekana unaweza kupigana na kuendelea. Aliyevumilia miezi mitatu alicheza gemu iliyonyooshwa.

Mwisho wa kila trela kuna alama ndogo za konsoli, nazo hupita kwa sekunde mbili. Simamisha hapo. Vibanda vingi ninavyovijua bado viko kwenye PS4, na nyumbani ni hivyohivyo. Shadows, Outlaws, Skull and Bones na XDefiant zote hazipo kwenye PS4. Wapo waliokuwa wameanza kuweka akiba kabla ya kuliona hilo. Kwenye onyesho lile, mwenye PS4 alikuwa na gemu chache, kama Prince of Persia: The Lost Crown, ambayo ilikuwa imeshatoka Januari, na The Crew Motorfest. Na niseme ukweli wangu: The Lost Crown ndiyo iliyokuwa gemu nzuri kuliko zote pale, nayo ilipewa muda mfupi. Inateleza vizuri kwenye mashine ya zamani, haihitaji intaneti kuicheza, na stima ikirudi baada ya kupotea unaendelea ulipohifadhi. Kama unayo pesa ya gemu moja, iko hapo.

Intaneti ni jambo ambalo watangazaji hawalizungumzi kwa sauti, nasi tuliulizie kwa nguvu. Ubisoft ilizima sava, yaani kompyuta zake zinazoendesha gemu mtandaoni, za gemu ya magari The Crew ya kwanza tarehe 31 Machi 2024, na watu waliokuwa wameinunua kwa pesa zao wakabaki na CD isiyofungua chochote. Miezi miwili tu baadaye, jukwaani, wakatuonyesha The Crew Motorfest. XDefiant, gemu ya risasi ya mtandaoni, nayo ilishangiliwa pale Juni 2024 ikiwa changa kabisa. Kufikia Juni 2025 ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo uliza: hii inafanya kazi bila mtandao? Kama haifanyi, hesabu bando la kila mwezi ndani ya bei yake, na ujue unakodi, hununui. Hesabu pia umbali wa sava, maana kwenye gemu ya risasi unamlenga mtu ambaye kwenye skrini ya mwenzako ameshaondoka.

Tarehe nazo zisikuchanganye. Skull and Bones ilitangazwa E3 ya 2017 na ikatoka Februari 2024. Beyond Good and Evil 2 iliwatoa mashabiki machozi ya furaha kwenye E3 ileile, na bado haijafika. Lakini Tales of Kenzera: Zau ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins, ilitangazwa Desemba 2023 na Aprili 2024 ilikuwa mikononi mwetu kwa dola 20. Alisimama jukwaani akaeleza kuwa ameitengeneza kutokana na uchungu wa kufiwa na baba yake, na imejaa hadithi za Kibantu. Trela ya namna hiyo, yenye mtu anayeeleza kwa nini anaifanya kazi yake na tarehe ya karibu, naiamini haraka kuliko mlipuko wowote.

Jambo dogo kwa wanaonunua kidijitali kwenye PlayStation: Kenya haimo kwenye orodha rasmi ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti za Marekani au Uingereza. Kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na maduka mengi hayarudishi pesa ya kadi iliyokwishakwanguliwa.

Na kwa wenye vibanda, ambao huniuliza kila baada ya onyesho waleteje wateja: gemu za hadithi za saa arobaini hazitawalipa, hata iwe ya Yasuke. Mteja analipia mechi, anataka kumshinda rafiki yake, anatoka, mwingine anakaa. Karibu kila kitu kilichonivutia usiku ule kilikuwa cha mtu mmoja au cha mtandaoni, na hilo linanisikitisha, kwa sababu gemu za watu wawili kwenye skrini moja ndizo zilizotulea. Onyesho lijalo tafuteni hizo kwanza. Split Fiction ya Machi 2025 ni mojawapo, watu wawili benchi moja, na ikiwa PS5 bado haijafika kibandani, It Takes Two ya studio hiyohiyo inacheza kwenye PS4. Kabla ya hiyo, rekebisheni vijiti vya padi ya pili.