Maswali Yenu: Mashine ya Kupumulia Ndani ya Chumba cha Shinikizo

Jirani yetu alilala na sigiri ya mkaa chumbani, akakutwa hajitambui. Hicho chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa hupumua oksijeni safi, kinamsaidiaje mtu kama huyo? (Mama, Jinja)

Pole sana, mama. Sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, hung'ang'ania damu. Kwa hewa ya kawaida, nusu yake hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi, kama dakika 80. Ndani ya chumba chenye shinikizo la atmosfia 3, yaani mara tatu ya hewa ya usawa wa bahari, kama dakika 23. Lakini kwanza mtoeni nje, mkimbizeni hospitali akapewe oksijeni. Msisubiri chumba.

Naenda ng'ambo kujifunza tiba hiyo. Mashine yetu ya kupumulia ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ikiingizwa mle, itapumulia kama kawaida? (Muuguzi, Kampala)

Hapana, dada. Kwenye atmosfia 2.8 hewa huwa nzito karibu mara tatu, na kuipitisha kwenye mirija myembamba ni kazi kubwa. Umeweka mililita 500 kwa kila pumzi, kioo cha mashine kinasoma 500, kifuani zinafika pungufu. Hata vihisi vya mtiririko hupotoka, maana vilirekebishwa kwa hewa nyepesi. Kwa hiyo pima hewa anayoitoa mgonjwa, urekebishe kila shinikizo linapobadilika. Usisahau wakati wa kushusha shinikizo: ulichoongeza lilipokuwa juu sasa kinazidi, mapafu yanaumia. Simama karibu, tazama kifua kikiinuka. Mimi nakiamini kifua kuliko kioo.

Kwa nini puto la mrija wa koo, lile linaloziba pembeni mwa mrija wa kupumulia, hujazwa maji mgonjwa anapoingia chumba hicho? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mbale)

Kwa sababu maji hayasinyai. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kama atmosfia 0.87. Tia mililita 10 za hewa kwenye puto hapa, lipeleke kwenye 2.8: zinabaki 3 tu. Puto linalegea, pumzi inavuja pembeni, mate yanateremka mapafuni. Ukiongeza hewa mle ndani, wakati wa kutoka itatanuka na kuliminya koo. Basi vuta hewa yote kwa bomba la sindano, ndipo utie maji safi ya chumvi, taratibu.

Ni kweli kuna hatari ya moto? (Fundi, Arua)

Kweli kabisa. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huchochea kila kinachowaka. Ndiyo maana oksijeni ya chumba chenye wahudumu ndani huzuiwa isipite asilimia 23.5, na pumzi ya mgonjwa hutolewa nje kwa bomba. Mashine inayoendeshwa kwa gesi hupendelewa kuliko yenye mota na betri. Simu yako iache nje, hata kama umeizima.