Kumweleza kijana Vita vya Vietnam
Umeuliza kama kijana wa miaka 12 aelezwe Vita vya Vietnam pamoja na maovu yake, au asubiri akue kwanza. Kwa maoni yangu aelezwe, ila usianzie pale Marekani ilipoingia, kwani bila Mkutano wa Geneva wa 1954, uliogawa Vietnam kwa muda kwenye latitudo ya 17 kuwa Kaskazini ya kikomunisti na Kusini, na uchaguzi wa 1956 wa kuiunganisha tena nchi ambao haukufanyika, hataelewa kwa nini Wavietnam walipigana wao kwa wao. Mauaji ya tarehe 16 Machi 1968 katika kijiji cha My Lai, Vietnam Kusini, yasifichwe: askari wa Marekani waliua mamia ya raia, wakiwemo watoto wachanga, lakini rubani Hugh Thompson, Mmarekani pia, alitua helikopta yake kati ya askari hao na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaokoa baadhi yao. Mwambie vilevile, bila kupunguza uzito, kwamba mwaka huohuo majeshi ya kikomunisti yaliua raia wengi katika mji wa Hue, Vietnam Kusini. Picha za maiti si lazima azione. Akiuliza nani alikuwa na haki, mpe hoja za kila upande kama wenyewe walivyozitoa, nawe usiharakishe kumjibu.