Homa inayoondoka na kurudi

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda hapa mjini. Alikwenda Mvumi kumsaidia bibi shambani, akawa analala kwenye mkeka ndani ya tembe, nyumba yake ya udongo. Aliporudi akashikwa na homa kali, kichwa na kutapika. Zahanati wakampima malaria, hana. Siku ya tatu akalowa jasho, homa ikaisha, akarudi kijiweni. Wiki haijaisha vizuri, homa ile ile! Malaria hana tena, akapewa dawa za taifodi. Sasa imemrudia mara ya tatu, na mama anasema huu si ugonjwa wa hospitali. Je, kuna ugonjwa usioonekana kwenye vipimo? Mimi nina mimba ya miezi sita na mwezi ujao tunakwenda wote kwa bibi.
Dada mtu, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umetaja alikolala, jambo ambalo barua nyingi za rufaa hazitaji. Siwezi kumtibu mtu kwa barua, lakini ukiniambia tembe, mkeka, na homa ya siku tatu inayopoa kama wiki kisha ikarudi, nafikiria homa ya papasi kabla ya kitu kingine.

Papasi ni aina ya kupe, ila si yule wa ng'ombe, naye ndiye anayeambukiza homa hii. Ana rangi ya udongo na hujificha kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiofika saa nzima, kisha hurudi zake. Kwa kawaida aliyeumwa hasikii kitu, kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa kama ameumwa na kupe atakuapia hapana. Mimi huuliza alilala wapi.

Wazee wa Ugogo wanaijua homa hii. Nyumba za bati na saruji zimeipunguza sana, na madaktari wengi vijana hawajawahi kuiona. Bakteria wake anaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Everett Dutton, Mwingereza aliyeuawa na homa hiyo hiyo kule Kongo mwaka 1905 akiwa anaichunguza. Hurudi kwa sababu bakteria hao hubadilisha umbo lao la nje: kinga ya mwili ikishawamaliza wa kwanza, waliobaki wanapita kama mwizi aliyebadili shati.

Sasa vipimo. Kile cha haraka cha kutoboa kidole hujibu swali moja tu, malaria ipo au haipo. Mdogo wako anahitaji slaidi isomwe kwa hadubini, na damu ichukuliwe homa ikiwa juu, kwani ikishapoa bakteria huwa wachache mno kuonekana. Tone bichi la damu likiwekwa chini ya lenzi, utaona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa, na ukitulia utakiona kinachozisukuma: uzi mwembamba uliojisokota. Mwambieni mtu wa maabara wazi kwamba mnatafuta homa ya papasi. Anayesaka malaria tu anaweza kuupita.

Msiingie duka la dawa. Dawa yenyewe ni antibayotiki ya kawaida, ila saa chache baada ya dozi ya kwanza wengine hutetemeka vibaya na presha kushuka. Aianzie hospitali, akiangaliwa. Slaidi ikiwa safi, daktari afikirie pia brusela, homa itokayo kwa mifugo, hasa kama kijana anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Mama naye mwambie, kwa heshima, mtaalamu wa jadi asubiri slaidi isomwe kwanza.

Ama wewe, safari hiyo ahirisha. Homa ya papasi kwa mjamzito huwa kali zaidi, na inaweza kutoa mimba au kumuua mtoto mchanga. Wanaokwenda walale kitandani, mbali na ukuta, ndani ya chandarua, na nyufa za tembe zikandikwe upya. Bibi akija mjini kukuona wewe, si vibaya.