Maswali yenu: Je, rola kosta ikishindwa kupanda?

Swali: Jamani nimeona klipu ya Kingda Ka, ile rola kosta (treni ya burudani) ya New Jersey, Marekani, treni inapanda karibu ifike juu halafu inarudi kinyumenyume. Breki zilikata ama? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hapana ndugu, wala hakuna kilichokatika. Lile dude la chuma halikuwa na mnyororo wa kulivuta hadi juu, lilikuwa linarushwa tu kwa mota za haidroliki (zinazotumia msukumo wa majimaji) na kebo, sekunde 3.5 ushafika kilomita 206 kwa saa, halafu unaachiwa upande mwenyewe mita 139 wima kabisa. Sasa siku upepo ukileta ubishi au mota ikipunguza nguvu kidogo, treni inaishiwa pumzi juu kule na kurudi ilikotoka. Ndo maana treni ikishapita, vile vibati vya breki za sumaku vilikuwa vinainuka relini vikiisubiri irudi, havigusani na treni lakini vinaipunguza mwendo taratibu. Wenyewe waliopanda wengine walikuwa wanaombea iwatokee, maana unarushwa tena bure! Mimi hapana, asante.

Ila usikate tiketi, ilifunguliwa 2005 na Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti.