Sijawahi kumzimikia mtu: maswali yenu na majibu

Juma lililopita nilimjibu binti aliyeuliza kama ni kosa kufika miaka 25 bila kupatwa na mahaba hata mara moja. Nilimwambia si kosa. Wapo watu wa namna hiyo, wenyewe hujiita aromantiki: wanapenda wazazi, marafiki na watoto kama sisi wengine, ila ile hali ya kumzimikia mtu haiwajii, au huwajia kwa nadra sana. Nikadhani hoja imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Simu imejaa ujumbe. Nimechagua ujumbe wa wachache, majina nimeyaacha.

Anti, mimi ni mwalimu hapa Tanga, nina miaka 27. Wenzangu wakisimulia walivyokufa wakaoza kwa wapenzi wao, mimi naitikia tu kwa adabu. Mama ameambiwa nina jini mahaba, anataka kunipeleka kwa mganga. Naumwa?

Huumwi. Hali hiyo haimo katika orodha ya magonjwa, na hakuna maabara inayopima mahaba. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alitoa kitabu juu ya ile hali ya mtu kutokula wala kulala kwa kumuwaza mmoja. Katika kuhoji watu alikuta wengine wazima kabisa ambao hali hiyo hawakuwahi kuipata na hawakuelewa wenzao wanahangaikia nini. Mwaka 2001 David Jay, Mmarekani pia, akaanzisha mtandao wa AVEN kwa watu wasiokuwa na hamu ya kimwili kwa mtu yeyote, na katika mazungumzo ya watu hao ikazidi kudhihirika kwamba hamu ya mwili na mahaba ni vitu viwili. Mtu aweza kuwa na kimoja akakosa kingine, au akakosa vyote. Kwako ni kipi, unajua wewe. Usimwachie mtu akusemee.

Mama simkejeli. Pwani yote tumelelewa na habari za jini mahaba, na mzazi akizitaja mara nyingi maana yake ni kwamba anakuhofia. Mwache akuombee dua, dua haina hasara. Mganga akianza kutaja mbuzi, udi wa bei mbaya na laki tatu, funga mkoba mwondoke.

Lakini jichunguze kitu kimoja. Kama zamani ulikuwa unapenda, ukaacha ghafla, na pamoja na hayo umepoteza usingizi, hamu ya kula na raha ya kazi, hiyo inafanana na sonona, nenda hospitali. Katika barua yako sioni dalili hiyo. Naona mwalimu aliyechoshwa na soga za ofisini.

Shangazi, nina miaka 34, nafanya kazi bandarini Mombasa. Mamangu kila Ijumaa ananiuliza nitaoa lini. Mtaani wanasema jogoo hapandi mtungi. Niwajibu nini?

Mtaa usiujibu. Ukikanusha hili watazua lile, na ushahidi wanaoutaka huwezi kuutoa hadharani.

Mamako ni jambo jingine. Usianze kumfundisha majina mapya, atadhani umejiunga na chama. Muulize kwanza anaogopa nini. Wengine huogopa mwana atazeeka peke yake, wengine wanataka mjukuu, wengine wanachoshwa na maswali ya majirani kwenye maulidi. Kila hofu ina jibu lake. Ya uzee, mwonyeshe ulivyojipanga: akiba, nyumba, ndugu na marafiki ulionao. Ya wajukuu, usimdanganye kwa kumwambia "Inshallah mwakani" kama mwakani unajua hakuna kitu. Wako watoto wa dadako. Mwana anayelipiwa karo na mjomba hamsahau.

Akileta hoja ya dini, mkumbushe kwa upole kwamba Imamu Nawawi, ambaye hadithi zake arubaini ulizihifadhi chuoni, alikufa mwaka 1277 bila kuoa. Ibn Taymiyya, mwanazuoni mwingine mkubwa, naye hakuoa. Sisemi walikuwa kama wewe, sikukaa nao. Nasema umma haukuwaona pungufu. Na wanazuoni wa fikihi hawakuipa ndoa hukumu moja kwa watu wote: kuna anayelazimika, kuna anayesuniwa, na kuna anayeharamishiwa kwa kuwa anajua atamdhulumu mke. Kaa na shehe mnayemwamini nyote wawili, umweleze hali yako bila kuficha, kisha yeye ndiye azungumze na mamako. Kutoka kwake yataingia kuliko kutoka kwako.

Anti, kila mwaka napoteza rafiki kwa ndoa. Nachangia kichen pati, sendofu, harusi na sare juu. Nina miaka 31, naishi Dar, sina mpango wa kuolewa. Mimi nitachangiwa lini?

Nimecheka, halafu nimeacha kucheka, kwa sababu swali lako ni la haki. Utamaduni wetu wa michango ni mzuri: kamati inakaa, watu wanaahidi, jambo la mtu mmoja linabebwa na hamsini. Ila umefungwa kwenye mlango mmoja. Asiyepita mlangoni hapo anatoa miaka yote na hapokei, tena kadi yake siku zote ni ya singo hata alipotoa mchango wa dabo.

Kwa hiyo fanya mawili. La kwanza, jiwekee kiwango cha mwaka mzima. Kikiisha kimeisha, mwenye harusi mwambie mapema, usisubiri kupigiwa simu na mweka hazina. La pili, itisha shughuli yako. Umemaliza kiwanja, umehamia nyumba, umetimiza miaka 40, umepata shahada: unda kamati, tuma kadi, taja kiasi. Watashangaa. Waliokula pilau kwa pesa yako watoe, na asiyetoa utamjua.

Ile habari ya kupoteza marafiki inaniuma zaidi kuliko pesa. Wengi wetu tukiolewa tunahamishia kila kitu nyumbani, rafiki wa miaka 15 anabaki kupokea picha za mtoto kwenye simu. Kwa mtu kama wewe, rafiki huyo ndiye aliyekuwa nafasi ya juu kabisa, hana wa kumpiku. Mwambie. Mwambie hivyo hivyo: "Wewe ndiye mtu wangu, na tangu uolewe sikupati." Kisha shikilieni siku moja isiyovunjwa, hata iwe Jumamosi moja kwa mwezi. Wengine hawatakuja. Wanaokuja ndio hao.

Dada, nipo Maskati, asili yetu Unguja. Nimeletewa posa na binamu yangu. Ni mtu mwema, namheshimu sana, ila mahaba sina kwake wala kwa mwingine. Niolewe?

Ukitaka, unaweza. Bibi zetu wengi walipelekewa mshenga, mahari yakakubaliwa, wakamwona mume siku ya harusi. Mahaba yakaja baadaye au yasije, na nyumba zikasimama. Wanaanthropolojia Jankowiak na Fischer walipitia jamii 166 mwaka 1992 wakakuta dalili za mahaba katika 147. Hiyo inaonyesha mahaba yameenea duniani. Haisemi kila mtu anayapata, wala kwamba ndoa zilijengwa juu yake.

Ninachokukataza ni kuolewa kimya kimya. Bibi alikubali ndoa ya wakati wake, na babu naye hakuahidiwa kingine. Binamu yako huenda amekua akisikiliza taarabu na bongofleva, anategemea kupendwa kama anavyoimbiwa. Akikuoa bila kujua, miaka mitatu mbele atajilaumu kwa kosa asilolifanya, au atakulaumu wewe. Tafuta nafasi, mwenzenu wa heshima akiwa karibu, umwambie: "Nakuheshimu na nitakuwa mwenzako wa kweli, lakini sijawahi kumwonea mtu mahaba na sitegemei kuanza kwako. Unaliweza hilo?" Akijibu "usijali, utanipenda tu," hajakubali. Hajakusikia. Mrudie tena, na la kitandani nalo mlizungumze kabla ya nikahi, msilikute chumbani.

Ukiona hutaki kabisa, heshima uliyonayo kwake si sababu ya kumkubali.

Anti, naandika kutoka Dodoma. Mwenzangu ameniambia yeye ni aromantiki. Tumekaa nyumba moja miaka mitatu. Amenidanganya muda wote huu?

Inategemea alijua lini. Wengi hawana jina la hali yao mpaka walisome mahali wakiwa watu wazima. Kabla ya hapo huiga wanachoona wenzao wakifanya na kungoja moyo ufuate. Kama amekuambia alipojua, hajakudanganya, tena amekupa ukweli ambao ungemfaa kuuficha.

Sasa ni zamu yako kuwa mkweli. Anapokuuguza, anapokuwekea chakula, anapogombana na mwenye nyumba kwa ajili yako, unaona umependwa? Kama ndiyo, kaa. Kama bila maneno ya mahaba unakauka, ondoka bila kumtukana. Kitu nisichokushauri ni kukaa ukisubiri abadilike, kwa sababu utakuwa unampima kila asubuhi na yeye atajua.

Na kabla hujafunga begi, kumbuka Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawahesabu mume na mke, mahakama itachukulia kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vingine. Mahaba sheria haiyaulizi. Mali mliyochuma pamoja isije ikawa ugomvi wa pili.

Mimi ni Mkatoliki wa Morogoro, miaka 22. Kwa kuwa sina hamu ya mchumba, ndugu wananiambia niingie utawa.

Utawa ni wito, wenye nadhiri za useja, ufukara na utii. Watawa wengi wana mioyo inayopenda kama ya watu wote, wameitoa sadaka. Kwako useja ungekuwa mwepesi. Hao ndugu wamekuuliza kuhusu utii? Ukisikia wito, nenda kaongee na masista. Ukiwa unatafuta pa kujificha na maswali ya shangazi zako, masista wataligundua kabla ya unovisi, kile kipindi cha majaribio, kwisha. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, aliona heri kwa asiyeoa kubaki alivyo, na hakutaja konventi.

Anti, tafadhali. Haya ni mambo ya Wazungu na vijana wenye bando.

Jina limetoka huko, nakubali. Maua mekundu ya Februari 14 nayo ni desturi ya huko, ingawa mengine yanalimwa Naivasha, na sijaona mtu akiandika kunilalamikia.

Lakini hebu niambie, Wakurya wa Mara walipoweka nyumba ntobhu walikuwa na bando? Mwanamke mjane au asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari akamwoa mwanamke mwenzake, ili nyumba ipate watoto na jina lisipotee. Desturi hiyo ina matatizo yake, ila mahaba hayamo katika sharti zake. Mwanafalsafa Elizabeth Brake, mwaka 2012, aliikosoa dhana kwamba kila mtu anatafuta, na lazima atafute, mwenzi mmoja wa mahaba kuliko uhusiano mwingine wowote. Kwa jinsi ninavyozijua koo zetu, zilizojaa shangazi wasioolewa waliolea nusu ya ukoo, dhana hiyo ndiyo ngeni zaidi kwetu.

Ofisini tunalazimishwa kuvaa nyekundu siku ya wapendanao.

Vaa bluu. Ukiulizwa, sema nyekundu iko kwa dobi.

Shangazi, nina miaka 51, naishi Nakuru na rafiki yangu wa tangu shule. Sote hatukuolewa, na sikuwahi kujuta. Tunanunua nyumba pamoja. Ninachohofia ni siku ya kuugua na siku ya kufa.

Nimekuweka mwisho kwa kuwa jibu lako ni refu na ni la karatasi.

Kwanza nyumba. Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imewaachia wanandoa ule umiliki ambao mmoja akifa mwenzake anarithi moja kwa moja. Wengine wanahitaji ruhusa ya mahakama. Nyinyi mtaandikishwa kila mtu na hisa yake. Hakikisheni hisa zimetajwa kwenye hati, maana ukifa hisa yako haimwendei rafiki. Bila wosia, asiye na mume wala mtoto hurithiwa na wazazi, kisha ndugu zake. Rafiki wa miaka 35 hayumo, na ndugu yako anaweza kuuza hisa hiyo huku yeye angali anakaa ndani.

Kwa hiyo andikeni wosia, kila mmoja wake, muusaini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja. Rafiki asiwe shahidi katika wosia unaompa yeye, atakosa alichopewa. Ukiwa Mwislamu, wasia unaishia theluthi ya mali, theluthi mbili ni za warithi wa kisheria. Wasomaji wa Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, huandika na kuhifadhi wosia.

Kisha pitia fomu zako moja moja: pensheni, bima, chama cha akiba, chama cha kuzikana. Wengi tulizijaza tukiwa na miaka 23 tukaandika jina la baba, na baba amekwisha kufariki. Hospitalini andikisha jina na simu ya rafiki yako kama mtu wa kuitwa, na uwaambie ndugu zako mapema, wasije wakamsukuma nje ya wodi kwa kuwa hawamjui. Waite siku moja wale chakula nyumbani kwenu, wamzoee, na uwaonyeshe wosia uko kwa wakili gani.