Wikiendi ya baridi milimani: mbebe nini?

Mkuu, umeuliza nyie sita mbebe nini kwa siku mbili kwenye mji mdogo wa milimani msimu wa theluji. Vingine vyote mtajua wenyewe, ila fulana za pamba ziacheni nyumbani. Ikilowa jasho haikauki upesi. Ukisimama kidogo kupiga picha, mgongo wote barafu. Ndani vaeni sufu, juu koti la kuzuia upepo. Kila mkipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, kwa hiyo utabiri wa bondeni msiuamini. Simu ikae mfuko wa ndani, baridi hunyonya betri. Jua nalo hujificha nyuma ya mlima mapema, fikeni mchana. Halafu kubalianeni kabla nani analala karibu na hita. Sisi tuligombana kama watoto.